Nani Anaruhusiwa Kufungua Kesi ya Ndoa?

Oktoba 2017 polisi walivamia mkutano katika hoteli moja jijini Dar es Salaam wakakamata zaidi ya watu kumi, wakiwamo mawakili kutoka Afrika Kusini, kwa madai ya kuhamasisha mapenzi ya jinsia moja. Ndoa haikuwa ajenda. Walikuwa wakijadili kesi ya kupinga kubanwa kwa huduma za afya za wapenzi wa jinsia moja. Uvamizi ule ulikuwa kosa kubwa, kwa maana anayekwenda kwa jaji amekubali kuheshimu hukumu hata ikimwendea kombo. Na mashirika kupeleka masuala ya ndoa mahakamani si jambo geni kwetu. Rebeca Gyumi wa shirika la Msichana Initiative alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana, bila idhini hiyo, alisubiri 18. Alishinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, ikitetea pia mila na dini, ikashindwa 2019.

Mwaka uliofuata sheria ya kufungua kesi za haki za msingi ikabadilishwa: mlalamikaji akatakiwa kuapa kwamba ukiukwaji umemgusa yeye binafsi. Shirika lenye ofisi Kijitonyama halikuweza tena kumsemea kirahisi binti wa Mbagala. Kwa mpenzi wa jinsia moja mzigo ulikuwa mzito zaidi, maana kiapo kilikuwa na jina lake, na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinamsubiri na miaka 30 hadi maisha jela.

Wengi husema ukiwasikiliza leo, kesho watadai ndoa. Tazama Kenya. Eric Gitari alikataliwa kusajili shirika la kutetea haki zao mwaka 2013. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikaamua huo ni ubaguzi. Ndoa haikuguswa, na ibara ya 45 ya Katiba yao bado inataja jinsia tofauti. Afrika Kusini ndoa ilipatikana kweli, kwa hukumu ya Desemba 2005 na sheria ya 2006, lakini Katiba yao inakataza waziwazi ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi. Yetu haina maneno hayo, hivyo kesi ya namna hiyo hapa ingeweza kuanguka. Anayehofia imani yake naye ana njia: aombe kuunganishwa kwenye shauri, alete hoja zake, zipimwe pamoja na za wenzake.