Matumizi ya Ikwalaiza katika Kuchanganya Sauti za Ngoma: Mfano wa Kidumbak cha Zanzibar

Ikwalaiza ni kifaa, au sehemu ya programu ya kurekodia, kinachoongeza au kupunguza nguvu ya sauti katika masafa yaliyochaguliwa. Sikio la mwanadamu husikia masafa ya takriban hezi 20 hadi 20,000, na ngoma moja hutoa kwa pamoja mvumo wa chini, sauti ya kati na mlio mkali wa kiganja kinapogonga ngozi. Makala haya yanafafanua matumizi ya kifaa hicho kwa mfano wa kidumbak, muziki unaopigwa aghalabu katika arusi za Zanzibar.

Kundi la kidumbak huwa na ngoma mbili ndogo za udongo, sanduku linalotoa besi, fidla, mkwasa, na cherewa za vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu. Tatizo kuu la kurekodi kundi hili ni kufunikana kwa sauti. Mvumo wa ngoma unapokutana na besi ya sanduku katika masafa yaleyale, hakuna kinachosikika bayana. Kuongeza sauti ya vyote viwili hakuondoi tatizo. Kinachohitajika ni kimoja kupunguziwa ili kingine kipate nafasi.

Hatua ya kwanza ni kutumia kichujio kinachoondoa masafa ya chini ya takriban hezi 80 katika sauti ya ngoma hizo ndogo. Eneo hilo hubeba zaidi vishindo vya miguu ya wachezaji na upepo kuliko sauti ya ngoma yenyewe. Hatua ya pili ni kupunguza desibeli 2 hadi 4 kati ya hezi 200 na 400, iwapo sauti ni nzito na imefifia.

Hatua ya tatu huhitaji tahadhari zaidi. Kuongeza masafa ya hezi 2,000 hadi 5,000 hudhihirisha mlio wa kiganja, lakini ndimo zilimo pia konsonanti nyingi za mwimbaji. Nyimbo za kidumbak huweza kuwa na mafumbo. Msikilizaji akipoteza neno moja, hupoteza fumbo zima. Hivyo basi, uamuzi ufanywe vyombo vyote vikisikika pamoja na sauti ya mwimbaji, si ngoma ikiwa peke yake.

Aidha, ulinganisho wa kabla na baada ya marekebisho ufanywe kwa kiwango kilekile cha sauti, kwa kuwa sikio hudhani kuwa kilicho kikubwa ndicho bora. Nyongeza ya desibeli 6 huongeza ukubwa wa wimbi takriban maradufu.

Ikumbukwe kwamba ikwalaiza haiwezi kurejesha kisichonaswa na kipaza sauti. Ngozi iliyolegea hutibiwa kwa kuwambwa upya au kuoteshwa moto kabla ya kurekodi. Vilevile, mipangilio iliyoandaliwa kwa ajili ya ngoma kubwa za bendi, inayoongeza masafa ya karibu hezi 60, haikifai kidumbak, kwani hukuza vishindo badala ya ngoma. Rekodi iliyorekebishwa hivyo huwapa wasikilizaji wa baadaye sauti ambayo mpigaji hakuitoa, na kwa asiyewahi kuhudhuria arusi hizo, rekodi hiyo ndiyo itakayokuwa kidumbak chenyewe.