Kaboni Ndani ya Mti: Kemia ya Msingi kwa Mwanakijiji Kabla ya Kutia Saini Mkataba

Katika vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, neno kaboni limekwisha kutoka darasani na kuingia katika mikutano ya vijiji. Mwese ni kimojawapo cha vijiji vinane vilivyomo katika mradi wa kuhifadhi misitu ya Milima ya Ntakata, unaotekelezwa kwa ushirikiano wa vijiji, halmashauri ya wilaya na kampuni ya Carbon Tanzania. Mapato ya mradi huo yamejenga madarasa na zahanati. Kwa sababu hiyo vijiji vingine, ndani na nje ya Katavi, navyo vinafikiwa na watu wenye mapendekezo ya biashara ya namna hiyo.

Wananchi huuliza maswali ya haki kabisa. Je, tunauza hewa? Tunauza miti? Au ni ardhi yetu inayokwenda? Sheria ina majibu yake, lakini majibu hayo hayaeleweki vizuri pasipo kuifahamu kwanza kaboni yenyewe. Tunaeleza hapa kemia kidogo inayohitajika, kisha tunaonyesha inavyomsaidia mwanakijiji kuusoma mkataba.

Elementi chache, viumbe vingi

Vitu vyote vimeundwa kwa elementi, na kila elementi ina chembe zake ndogo mno ziitwazo atomi. Atomi zikiungana hufanya molekuli. Maji, kwa mfano, ni molekuli yenye atomi mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni.

Elementi zinazojulikana ni zaidi ya 100, lakini viumbe hai hutumia chache tu kwa wingi. Katika mwili wa binadamu, takriban asilimia 65 ya uzito ni oksijeni, asilimia 18 kaboni, asilimia 10 hidrojeni na asilimia 3 nitrojeni. Elementi hizo nne peke yake ni kama asilimia 96 ya mwili mzima. Zilizobaki, kama vile kalisi ya mifupa na chuma cha damu, ni chache kwa uzito ingawa hatuwezi kuishi bila ya hizo.

Kaboni ina nafasi ya pekee miongoni mwao. Atomi yake moja huweza kufungamana mara nne na atomi nyingine, zikiwamo kaboni wenzake, hata ikafanya minyororo mirefu, matawi na pete. Kwa uwezo huo hujengwa sukari ya asali, wanga wa mahindi na muhogo, mafuta ya karanga, protini ya maharage na mbao za mninga. Sokwe mtu wa Ntakata, nyuki mzingani na mkulima shambani wamejengwa kwa mifupa ileile ya kaboni, ila mpangilio ndio unaotofautiana.

Mti hujengwa kwa hewa

Watu wengi huamini kwamba mti hula udongo. Katika karne ya 17, Jan Baptist van Helmont alilijaribu jambo hilo. Alipanda mche katika chombo chenye udongo aliokwisha kuupima, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mti uliongezeka uzito kwa zaidi ya kilo 70, lakini udongo ulipungua gramu chache tu. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji. Hakujua bado kwamba hewa nayo ilikuwa imeshiriki.

Leo tunajua kwamba majani huvuta kutoka hewani gesi iitwayo hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ambayo molekuli yake ina atomi moja ya kaboni na mbili za oksijeni. Kwa nguvu ya mwanga wa jua, molekuli sita za hewa ukaa pamoja na molekuli sita za maji huwa molekuli moja ya sukari, na oksijeni hutolewa nje. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Mti huunganisha sukari hizo katika minyororo ya selulosi, na selulosi huwa sehemu kubwa ya ubao. Udongo hutoa madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo, kama nitrojeni na fosforasi, lakini kaboni yote ya ubao imetoka hewani.

Hewa ukaa si nyingi angani: katika kila molekuli milioni moja za hewa, ni kiasi cha 420 tu. Kabla ya enzi ya viwanda zilikuwa kama 280. Gesi hii huzuia joto la dunia lisipotee angani, na ongezeko hilo ndilo linaloifanya dunia izidi kupata joto. Basi mti uliosimama ni ghala: umeitoa kaboni hewani na kuifunga mahali pamoja.

Ghala likifunguliwa

Atomi hazipotei. Mti ukiungua, ukioza au ukiliwa na mchwa, kaboni yake huungana tena na oksijeni na sehemu kubwa hurudi hewani kama hewa ukaa. Sisi pia, tunapokula ugali na kupumua, huirudisha kaboni ya mahindi hewani kwa njia hiyohiyo, ila polepole na bila mwali.

Mchoma mkaa anaijua hatua moja ya jambo hili kwa mikono yake. Anapofunika tanuru kwa udongo ili hewa isiingie kwa wingi, maji na gesi hutoka na moshi, na kinachosalia ni kaboni kwa sehemu kubwa. Mkaa huo ukiwashwa jikoni, kaboni hukutana na oksijeni na kutoweka machoni. Haukuisha, umekuwa gesi.

Hapa pana hesabu inayowashangaza wengi. Kilo 12 za kaboni tupu zikiungua hutwaa kilo 32 za oksijeni kutoka hewani, na jumla yake ni kilo 44 za hewa ukaa. Gesi inayotoka ina uzito zaidi ya mara tatu ya kaboni iliyochomwa, kwa sababu oksijeni ya hewani imeongezeka ndani yake.

Tani moja ya kitu gani?

Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kukaa mezani wakati wa mkataba. Chukulia mti ambao mbao zake zikikaushwa kabisa zina uzito wa kilo 1,000. Karibu nusu ya uzito huo, yaani kilo 500, ni kaboni. Zidisha kilo 500 kwa 44, kisha gawanya kwa 12: utapata takriban kilo 1,830 za hewa ukaa. Mti uleule unaweza kuandikwa kuwa na nusu tani, tani moja, au karibu tani mbili, kutegemea kama kinachopimwa ni kaboni, ubao mkavu au hewa ukaa.

Katika soko, kipimo cha kawaida ni tani moja ya hewa ukaa, au gesi nyingine yenye athari iliyo sawa nayo. Kijiji kikikubaliana bei kwa «tani ya kaboni» bila kufafanua, tofauti ya tafsiri ni zaidi ya mara tatu na nusu. Kosa la neno moja laweza kula mapato ya miaka.

Kinachouzwa

Katika miradi ya kuzuia ukataji na uharibifu wa misitu, ambayo nchini kwetu hufahamika kwa jina la MKUHUMI, mnunuzi hachukui hewa wala miti. Anachonunua ni uthibitisho kwamba tani fulani za hewa ukaa, ambazo zingetoka iwapo msitu ungefyekwa au kuchomwa kama ilivyokadiriwa, hazikutoka. Ndiyo maana si kila mti uliosimama unalipiwa: hesabu hutokana na tofauti kati ya upotevu uliokadiriwa na upotevu uliotokea kweli.

Yafuatayo hufuata moja kwa moja kutoka katika kemia. Msitu ukiungua kwa moto wa kiangazi, kaboni iliyohesabiwa hurudi hewani, na malipo huweza kupungua. Wakataji wakihamia msitu wa jirani, hewa haikupata nafuu yoyote. Na kwa kuwa ghala linahitaji kulindwa muda mrefu, mikataba nayo huwa ya miaka mingi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Tunashauri mkutano mkuu wa kijiji upate majibu ya maandishi, kwa Kiswahili, kwa maswali haya:

1. Kipimo ni tani ya hewa ukaa au tani ya kaboni? Kimeandikwa wapi katika mkataba?
2. Nani atapima msitu, kwa njia gani, na nani asiye na maslahi atahakiki vipimo hivyo?
3. Mgawo wa kijiji unakokotolewa kabla au baada ya kuondoa gharama za mradi? Gharama hizo ni zipi?
4. Msitu ukiungua pasipo kosa la kijiji, nani hubeba hasara?
5. Mkataba ni wa miaka mingapi, na kijiji chaweza kujitoa kwa utaratibu gani?
6. Shughuli zipi zinaruhusiwa kuendelea msituni: kufuga nyuki, kuokota kuni zilizokauka, kuchuma dawa na uyoga?
7. Je, mradi umesajiliwa kwa mujibu wa kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022?

Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Mtu yeyote anayetaka saini ya mwenyekiti au mtendaji peke yake, bila suala kufikishwa mkutanoni, asisikilizwe. Vilevile tahadhari na anayedai ada ya usajili kutoka kwa mwanakijiji mmoja mmoja, au anayeahidi kiasi maalumu cha fedha kabla msitu haujapimwa. Kemia yenyewe yamsuta: tani zisizopimwa hazijulikani.

Kijiji chenye shaka kiwasilishe rasimu ya mkataba kwa mwanasheria na ofisa misitu wa halmashauri ya wilaya. Maswali ya kitaalamu yaelekezwe kwa Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Rasimu isomwe kwa sauti mkutanoni, kifungu kwa kifungu, na nakala yake ibaki katika ofisi ya kijiji ambako kila mwanakijiji aweza kuiona.