Muuguzi na Saa za Mwisho za Mgonjwa Mahututi Mbarara

Muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi hupigania uhai, na uhai ukishindikana, yeye ndiye huhakikisha mgonjwa haondoki katika maumivu wala peke yake. Kazi hii ya pili haisomeki kwenye skrini ya mashine yoyote, na ndiyo nzito zaidi.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, upande wa Kamukuzi, hupokea wagonjwa wa kusini-magharibi mwa Uganda, pamoja na wakimbizi wa Nakivale wilayani Isingiro: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali. Katika wodi za kawaida ndugu ndiye anayemwogesha mgonjwa, kumlisha na kumfulia shuka. Kwa mahututi ndugu huyo hubaki nje ya mlango, na kazi zake zote humwangukia muuguzi.

Madaktari wakiona tiba haitaponya tena, vipimo visivyo na faida husimamishwa. Muuguzi humgeuza mgonjwa, humlowesha midomo kwa pamba yenye maji, humlaza ubavu ili makohozi yasikorome kooni mwake. Mwenye mrija mdomoni hawezi kusema anaumwa. Husemewa na paji la uso lililokunjamana, vidole vilivyokazwa, moyo unaokwenda mbio. Muuguzi mzoefu huvisoma kabla mtu mwingine hajaona kitu.

Kwa maumivu, Uganda ina bahati ambayo nchi nyingi hazina. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatunza wagonjwa wasioponyeka, mwaka 1993, na mwaka 1998 huduma hiyo ikafika Mbarara. Mofini ya unga huchanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa, ya bei nafuu, inayotolewa kila baada ya saa nne. Mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa asiyeponyeka, kuandika mofini wenyewe, hatua ambayo wakati huo karibu hakuna nchi iliyokuwa imeithubutu. Mofini hufunga choo, kwa hiyo huambatana na dawa ya kulainisha. Hofu kwamba inaharakisha kifo imewanyima wengi nafuu bure: ikipimwa kwa kadiri ya maumivu na kuongezwa taratibu, haiui.

Halafu kuna familia. Daktari hupita, hueleza kwa Kiingereza, huenda kitanda kingine. Muuguzi ndiye anayebaki na mama wa Kikongo asiyejua Kiingereza wala Kinyankole, lugha ya wenyeji, akimwambia kwa Kiswahili: "Mama, mapafu yake yamechoka. Mashine inampumulia tu, haimponyi." Kumwambia "tumwombee Mungu" na kunyamaza hapo ni kumwacha gizani, maana ana uamuzi wa kufanya: mgonjwa abaki hospitalini au arudishwe nyumbani. Kusafirisha maiti ni ghali kuliko kumsafirisha aliye hai, na wengi hupenda mtu wao afie nyumbani. Kwa mkimbizi, nyumbani ni Nakivale. Kijiji cha Kongo hakifikiki. Wakichagua kuondoka, muuguzi huwafundisha kupima dawa, kumgeuza mgonjwa, na dalili za saa za mwisho, ili pumzi inayokatika na kurudi isiwatie hofu.

Hospitali inayotafuta fedha za mashine ya kupumulia itafute pia fedha za kumsomesha tiba shufaa muuguzi mmoja kwa kila zamu, na iweke kiti cha ndugu kando ya kitanda.