Vyama Viwili, Kimoja, Vitatu, Mia: Hesabu Gani Inatuletea Uhuru?



Wakati wa uchaguzi ukikaribia, mambo ya Kisangani unayajua. Toleka zinapita kati ya Makiso na Mangobo zikibeba vibendera vya rangi zote. Kijana anavaa tisheti ya chama kimoja asubuhi, na jioni unamkuta na tisheti ya chama kingine. Unamuuliza: "Sasa we uko wa chama gani?" Anacheka: "Mimi niko wa wote, papa. Kila mutu analeta yake, na mimi napokea."

Tunacheka pamoja naye. Lakini kisha kicheko tujiulize. Wazazi wetu walikaa miaka 20 bila ruhusa ya kuchagua chama. Watu walifungwa, wengine walikufa barabarani, ili tupate ruhusa hiyo. Je, kitu kilicholipwa kwa damu, sisi tutakitoa kwa tisheti?

Kwa kujibu, tuanze na hesabu. Maana siasa ya inchi yetu imepita katika hesabu nyingi: viwili, kimoja, vitatu, mia.

SHERIA ILISEMA VIWILI

Vijana wengi wanafikiri kwamba inchi hii ilitoka chama kimoja tu na kufika kwenye vyama vingi. Sivyo. Mwaka 1960, wakati wa uhuru, vyama vilikuwa vingi. Hapa kwetu, mji ukiitwa bado Stanleyville, MNC ya Patrice Lumumba ndiyo ilikuwa na nguvu. Mwezi wa Oktoba 1959 ilifanya mkutano wake hapa. Fujo ikatokea, watu wakauawa, na Lumumba akafungwa. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama chake kikapata viti vingi kuliko chama kingine chochote, na kura nyingi zilitoka upande huu wa inchi.

Tarehe 24 Novemba 1965 Jenerali Mobutu akatwaa mamlaka. Alisema wanasiasa wameharibu inchi kwa magomvi, basi wapumzike miaka mitano. Kisha ikaja katiba ya tarehe 24 Juni 1967. Kifungu chake cha 4 kilisema kwamba katika Jamhuri haviwezi kuundwa vyama zaidi ya viwili.

Viwili! MPR ilikuwa imekwisha kuzaliwa mwaka uleule. Na cha pili kilikuwa wapi? Hakuna aliyekiona. Sheria iliacha mlango wazi, lakini mwenye bunduki alisimama mlangoni. Mwaka 1970 Mobutu alisimama peke yake katika uchaguzi: karatasi ya kijani kwa kumkubali, nyekundu kwa kumkataa, na kila mutu anaonekana anachukua gani. Kura za kumkataa zilizotangazwa kwa inchi nzima zilikuwa 157 tu. Mwezi wa Desemba mwaka ule katiba ikageuzwa, MPR ikabaki peke yake.

Kuanzia pale kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa kwake. Upende, ukatae, uko ndani. Mwaka 1972 serikali ilitaka kuweka tawi la vijana wa MPR hata ndani ya seminari. Kardinali Malula akakataa, akalazimishwa kutoka inchini kwa miezi. Mwaka 1973 magazeti ya makanisa yakafungwa. Gazeti la namna hii unalolishika mkononi lisingalikufikia.

Ona basi somo la kwanza: sheria iliandika viwili, watu wakapata kimoja. Haki ya kwenye karatasi haitoshi, kama hakuna mutu wa kuitetea.

MACHOZI YA N'SELE

Kulikuwa na wenye kuitetea. Mwaka 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya kurasa 52, wakisema wazi mabaya ya utawala wake. Walifungwa, walihamishwa. Mwaka 1982 wengine wao wakaanzisha UDPS, huku sheria ikikataza chama kingine chochote.

Mwisho wa mwaka 1989 ukuta wa Berlin ukaanguka, na Ceaușescu wa Romania, rafiki ya Mobutu, akauawa na watu wake. Mwezi wa Januari 1990 Mobutu akaanza kuzunguka inchi akiuliza raia maoni yao. Maandiko zaidi ya 6,000 yakamfikia, na ya maaskofu wa Katoliki yakiwa kati yao.

Tarehe 24 Aprili 1990, kule N'Sele, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Alilia mbele ya watu. Katika miji watu walitoka barabarani wakiimba. Lakini sikiliza vizuri alichosema: vyama vitatu tu, na MPR ndani yake.

Kwa nini vitatu? Alisema anaogopa fujo ya mwaka 1960 isirudie. Hofu hiyo haikuwa ya bure kabisa. Lakini jiulize: nani angechagua hivyo viwili vingine? Ni yeye mwenyewe. Kule Naijeria Jenerali Babangida alifanya karibu vile: mwaka 1989 aliunda vyama viwili kwa amri. Na mwaka 1993, matokeo ya uchaguzi wa rais yalipokosa kumpendeza, aliyafuta. Anayekupa ruhusa ya kuchagua kati ya vitu alivyovichagua yeye, hajakupa ruhusa bado.

Watu walikataa kipimo hicho. Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 wanafunzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa katika vyumba vyao; hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Inchi za nje zikakata msaada. Mwezi wa Oktoba 1990 Mobutu akakubali vyama bila kipimo, na sheria ikafuata mwezi wa Desemba.

KUTOKA VITATU MPAKA MIA

Kwa muda mufupi vyama vikapita 200. Vingine vilikuwa vya kweli. Vingine vilikuwa na memba watatu: papa, mama, na katibu ambaye ni shemeji. Vingine vilipewa feza na watu wa utawala wenyewe, ili upinzani ugawanyike. Watu waliviita vyama vya kula.

Tarehe 7 Agosti 1991 Mkutano Mkuu wa Taifa ukafunguliwa Kinshasa, na wajumbe zaidi ya 2,800. Mwezi wa Desemba wajumbe wakamchagua msimamizi: Laurent Monsengwo Pasinya, Askofu Mkuu wa Kisangani yetu. Mwezi wa Januari 1992 serikali ikaufunga mkutano. Tarehe 16 Februari 1992, siku ya Mungu, Wakristo wa Kinshasa walitoka makanisani na matawi, mishumaa na rozari mikononi, kuomba ufunguliwe tena. Askari wakapiga risasi. Makumi ya watu wakafa. Mwezi wa Aprili mkutano ukaanza tena.

Wale waliokufa hawakudai tisheti, wala chumvi, wala kitenge. Walidai mkutano ufunguliwe, watu waongee. Basi.

CHAMA KIKIGEUKA KUWA KABILA

Ndugu msomaji, ukweli unauma, lakini tuseme wote. Vyama vingi vilileta pia ubaya. Wewe unayesoma huko Likasi ao Kolwezi, waulize wazee. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu ulimchagua Étienne Tshisekedi wa UDPS kuwa waziri mkuu, pahali pa Nguz Karl-i-Bond wa UFERI. Katika Katanga ugomvi wa vyama ukageuzwa ugomvi wa makabila. Vijana wa UFERI waliwashambulia watu wenye asili ya Kasai, Likasi mwaka 1992, Kolwezi mwaka 1993. Watu waliofanya kazi pamoja katika Gécamines, waliobatizisha watoto pamoja, wakaanza kuulizana asili. Familia zililala kwenye steshoni ya treni majuma na miezi, watoto wakifa kwa magonjwa.

Vijana wale walipata nini? Wakubwa waliowatuma waligawana vyeo. Wao wakabaki na mikono yenye damu, na mgodi ukizidi kuanguka.

Kwa hiyo mutu akikuambia: "Heri chama kimoja, kulikuwa na amani," usimcheke. Ana sababu ya kuogopa. Tanzania ilipouliza raia mwaka 1991, karibu 80 kwa 100 walisema afadhali kubaki na chama kimoja. Lakini serikali ilisikiliza pia wale 20, ikaruhusu vyama vingi mwaka 1992, mapema, kabla watu hawajapigana. Kwetu mlango ulizuiliwa mpaka ukavunjwa. Ubaya haukutoka kwa wingi wa vyama. Ulitoka kwa wakubwa waliokosa mpango wa kuonyesha, wakaonyesha kabila.

KISANGANI ILIJIFUNZA

Uchaguzi ulioahidiwa miaka ya 1990 haukufanyika. Tarehe 15 Machi 1997 AFDL iliingia Kisangani. Mwezi wa Mei ilishika Kinshasa na kukataza kazi ya vyama. Kisha vita ikarudi. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, na mamia ya raia wakafa. Wapiganaji wale hawakutuomba kura. Pale ambapo raia hana njia ya kusema, bunduki inasema.

Tarehe 30 Julai 2006 tukapiga kura. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa inchi nzima wenye vyama vingi tangu mwaka 1965: miaka 41! Wagombea urais walikuwa 33. Na katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 7 kwamba hakuna anayeweza kuweka chama kimoja tu katika inchi ao sehemu yake; kufanya hivyo ni uhaini mkubwa, kosa lisilofutwa na miaka.

Leo hesabu imezidi. Kabla ya uchaguzi wa 2023 orodha ya serikali ilipita vyama 900. Lakini wewe unayevuka mto kwenda Lubunga unajua: mtumbwi haufiki ng'ambo kwa wingi wa makasia. Unafika kama wapiga kasia wanatazama upande mmoja, na kama abiria anajua anakwenda wapi.

WEWE UFANYE NINI?

Kwanza, uliza mpango. Wewe wa Kolwezi, wewe wa machimbo ya almasi ya Bafwasende, usimuulize mgombea ameleta nini leo. Muulize juu ya sheria ya madini ya mwaka 2018. Katika kila franka 100 za malipo yanayotozwa juu ya madini ya kampuni, sheria inatoa 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, sekta ao usultani unaochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Muulize: "Zile 15 za kwetu ziko wapi? Zilijenga darasa gani?" Asiyejua jibu, umjue.

Pili, usikodishe mikono yako. Atakayekutuma kupiga jirani hatakuja kwenye matanga yako.

Tatu, nyumba isivunjike. Papa anaweza kuwa wa chama hiki, mutoto wa kile, na mama asiwe wa chama chochote. Meza ni moja. Kama hatuwezi kusikilizana juu ya sahani moja ya sombe, tutawezaje kuomba wakubwa wasikilizane Kinshasa?

Nne, kura yako ni ya siri. Hata ukivaa tisheti yao, mle ndani ya kibanda uko peke yako na dhamiri yako. Mwaka 1970 baba zetu walichukua karatasi mbele ya macho ya watu. Wewe una pazia. Usilitupe.

Yule kijana wa toleka alisema yeye ni wa wote. Ningependa siku moja aniambie: "Papa, niliwasikiliza wote. Kisha nikachagua."

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AO KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Waombe wazee wenu waeleze: mwaka 1990 walikuwa wapi siku chama kimoja kilipokwisha? Walitumaini nini?
2. Kwa nini katiba ya 1967 iliruhusu vyama viwili, na watu wakapata kimoja?
3. Katika eneo letu, chama gani kimeeleza mpango wake juu ya feza za madini?
4. Mtafanya nini siku mgombea akileta zawadi mlangoni kwenu?