Kifuniko chembamba kinavyookoa nguzo ya uzio

WAKAZI wengi wa mijini wanaojenga uzio wa chuma huhesabu gharama za nguzo, wavu, saruji na rangi, lakini husahau kipande kidogo cha bati kinachopaswa kuziba juu ya kila nguzo.

Nguzo nyingi za aina hiyo ni mabomba. Bomba likiachwa wazi juu, maji ya mvua huingia na kutuama chini, pale lilipozikwa kwenye zege. Kutu hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo hakuna brashi ya rangi inayofika, na mwenye nyumba huona nguzo inang'aa hadi siku inapokatika usawa wa ardhi. Katika maeneo ya pwani kama Msasani na Kigamboni jijini Dar es Salaam hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa upepo wa bahari hubeba chumvi inayoharakisha kutu.

Wapo wanaoziba kwa saruji. Saruji hupasuka na maji hupita palepale.

Kuchomelea kifuniko ndiyo dawa ya kudumu, ingawa ni kazi inayowashinda hata baadhi ya mafundi hodari. Sababu ni tofauti ya unene. Ukuta wa bomba imara unaweza kuwa na milimita 4 au 5, wakati bati la kifuniko ni milimita 1 hadi 1.5. Vyote viwili huyeyuka kwenye joto linalokaribia nyuzi 1,500 za Selsiasi, lakini nguzo hulinywa joto na kulisambaza, ilhali bati halina pa kulipeleka. Fundi akielekeza moto katikati ya kiungo, bati hutoboka kabla nguzo haijaanza kuyeyuka. Akiogopa na kupunguza umeme kupita kiasi, chuma cha rodi hulala juu ya nguzo bila kushikana nayo. Kazi hiyo hupendeza machoni, lakini pigo moja la nyundo hukiondoa kifuniko.

Fundi mzoefu huelekeza moto kwenye nguzo. Hukata bati liwe dogo kidogo kuliko upana wa nje wa bomba, ili likae juu ya mdomo wake na kuacha ukingo wa milimita 2 hivi kuzunguka. Moto huanzia kwenye ukingo huo, kisha chuma kilichoyeyuka huguswa kwenye bati kwa muda mfupi na kurudishwa. Rodi nyembamba ya milimita 2 au 2.5 hutosha. Kwa mashine ya umeme wa mkondo mmoja, kuiunganisha rodi upande wa hasi hupunguza hatari ya kutoboa, mradi rodi iwe ya aina inayokubali upande huo.

Kifuniko hushikizwa kwanza kwa pointi 4 zinazotazamana, kikaachwa kipoe, ndipo vipande vifupi vijazwe kwa zamu pande tofauti. Anayezunguka mara moja bila kupumzika hupata bati lililojikunja kama kifuniko cha soda.

Jambo jingine ni hewa. Pengo la mwisho linapozibwa, hewa moto iliyofungiwa ndani hutanuka na kupenya kwenye chuma kibichi, ikiacha vitundu visivyoonekana kwa urahisi. Tundu dogo likitobolewa mapema juu kidogo ya zege huipa hewa njia, na baadaye hutoa unyevu.

Ikiwa nguzo au bati lina zinki, tahadhari ni ya lazima. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake humletea fundi homa na kutetemeka saa chache baadaye. Zinki ikwanguliwe kuzunguka kiungo, na kazi ifanyike nje, fundi akisimama upande unakotoka upepo.

Mwenye nyumba akague kabla ya rangi kupakwa, kwani rangi huficha vitundu. Baada ya hapo kiungo kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kwa sababu moto umekwisha kuondoa kinga yote iliyokuwapo.