Muhogo wa Mwaka wa Ukame

Mvua ikikatika Likombe, mahindi hunyauka, lakini muhogo hubaki. Hufunga vitundu vya majani yake usipoteze maji, hupukutisha majani mengi, kisha hungoja. Mvua ikirejea, huchipua kwa akiba iliyomo mizizini. Uwezo huu wa mmea kubadili umbo na mwenendo kufuata hali ya mahali, bila kubadilika kwa urithi wake, huitwa unyumbufu, nao huwapa watafiti wa mbegu matumaini katika zama hizi za mvua zisizotabirika.

Unyumbufu huo una upande wa pili, unaotuhusu sisi wa zahanati. Katika ukame, mizizi huongeza linamarini, kemikali inayotoa sayanidi muhogo unapokatwa au kutwangwa. Kwa hiyo aina iliyoliwa salama mwaka wa mvua yaweza kudhuru mwaka wa njaa. Na mwaka wa njaa ndio ambao mama hawezi kungoja makopa yakauke kwa majuma. Masasi, mwaka 1988, watu walidhurika kwa unga wa chinyanya, yaani muhogo mchungu uliotwangwa mbichi na kuanikwa kwa muda mfupi mno. Mwaka 2002 na 2003, konzo ilizuka katika wilaya za Mtwara na Mbinga.

Konzo hushika miguu yote miwili ghafla, hasa ya watoto na ya wanawake wa umri wa kuzaa. Polio hulegeza mguu. Konzo huukakamaza, na ulemavu wake hudumu. Walio hatarini zaidi ni wasiopata dagaa wala kunde, kwani mwili huhitaji salfa iliyomo katika protini ili kuiondoa sayanidi. Mhudumu akimpokea mgonjwa wa namna hii, aulize: mmekula nini wiki hizi, na mliutengenezaje?

Wakulima hawapandi muhogo mchungu kwa ujinga: nguruwe na nyani huukwepa. Nao utafiti wa mbegu, tangu ule wa Amani miaka ya 1930 hadi wa majirani zetu wa Naliendele, umekuwa na vita kubwa dhidi ya batobato na michirizi ya kahawia. Kwa maoni yangu, mbegu isisifiwe kwa kustahimili ukame kabla mizizi yake haijapimwa sumu baada ya kiangazi, palepale itakapolimwa.

Kwa sasa, unga wa muhogo uloweshwe maji, utandazwe tabaka jembamba juu ya jamvi, saa 2 juani au saa 5 kivulini, sayanidi itoke hewani. Kisha ugali upikwe siku hiyohiyo.