Mtoto njiti kifuani: je, nifasi inazuia?

Mama mwenye nifasi huzuiwa swala na funga. Kumpakata mwanawe hazuiwi. Tunaanza hapo kwa kuwa wapo wanaoambiwa wangoje arubaini, na mtoto njiti hawezi kungoja: mafuta mwilini hana, akipoa hushindwa hata kunyonya.

Huko Nachingwea na Ruangwa, pamoja na wilaya nyingine 4 za Lindi na Mtwara, wanawake wa kujitolea wa mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga walianza kuzitembelea nyumba mwaka 2010. Walipima unyayo wa mtoto. Akiwa mdogo, mama alifundishwa kumbeba ngozi kwa ngozi. Waliowapa watoto maziwa yao pekee siku za mwanzo waliongezeka, lakini watafiti hawakuona vifo kupungua. Ushauri wa nyumbani bila wodi nzuri haufiki mbali.

Basi wodini tumsaidie muuguzi, ambaye mara nyingi huangalia vichanga wengi peke yake. Mama akichoka, baba avue shati ampokee mtoto, kisha bibi. Aadhiniwe kwa sauti ya chini, wenzake wamelala. Tahniki ni sunna, si wajibu: isubiri mpaka daktari aruhusu, maana tende kwa tumbo la njiti ni hatari.

Wallahu a'lam.